Pua ya Kuazima

Kama kuna mtu aliyebishana na mkewe miaka nenda miaka rudi juu ya jambo moja, kisha mwishoni akamwomba Mungu mkewe ndiye ashinde, basi mtu huyo ni Mwalimu.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa mezani, wa baada ya chakula, vyombo vikiwa bado havijaondolewa. Mwalimu alifundisha sayansi katika shule ya sekondari, na kama walimu wengi, alikuwa akirudi nyumbani na darasa lake kichwani. Alishikilia kwamba akili ni ghala. Ghala halilimi wala halivuni. Lina kile tu kilichoingizwa, na kila kilichoingizwa kimepita katika mmoja wa milango mitano: jicho, sikio, pua, ulimi au ngozi. "Funga milango," alikuwa akisema huku akigonga meza kwa kidole, "uone kama ghala litajijaza lenyewe." Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akamjibu, "Ghala lina mwenyewe, Mwalimu. Hata ukimfungia milango yote, mwenyewe anajua gunia lipi liko wapi, na anajua la kufanya nalo." Binti yao, enzi hizo bado mtoto wa shule, aliwaomba wapatane upesi ili apate kuosha sahani akalale.

Mkewe huyo mtaa mzima ulimwita Bi Pua. Mtu asimfikirie vibaya. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida, tena ndogo, na Mwalimu aliipenda. Jina lilitokana na kazi. Bi Pua alitengeneza sabuni katika chumba cha uani chenye dirisha moja na rafu ukuta mzima. Rafu za chini zilikaa miche ya sabuni tupu, isiyo na harufu, ikisubiri kukomaa. Rafu za juu zilikaa chupa ndogo za mafuta: mchaichai, mdalasini, waridi, mkaratusi, maganda ya machungwa, na nyingine ambazo hata hakuwahi kuziandikia jina, kwa kuwa alizijua kwa kuzifungua kizibo. Mwanamke huyu aliweza kusema maziwa yatachacha leo jioni kabla maziwa yenyewe hayajaamua. Akipita sebuleni baada ya mgeni kuondoka, alikuambia mgeni alikuwa nani, na kama alikuja na furaha au na shida.

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka mitaa ya mbali ni sabuni ya mtoto. Mzazi akishajifungua, alimleta mtoto kwa Bi Pua. Bi Pua alinawa mikono, akampokea, akaweka pua kwenye utosi, akafumba macho na kuvuta pumzi moja ndefu. Kisha alimrudisha mtoto kwa mama yake na kuingia kazini. Alikwaruza sabuni tupu iliyokwisha komaa, akaiyeyusha polepole ndani ya sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, akadondoshea matone machache ya hiki na kile, akaikandamiza kwenye kalibu ya mbao. "Sabuni ya mtoto haitiwi manukato," alikuwa akisema, "inatiwa fununu." Maana yake ni kwamba haikufunika harufu ya mtoto. Ilisimama kando ya harufu hiyo, ikashikana nayo mkono, ili mama anayemwogesha mwanawe aendelee kumnusa mwanawe. Hakuna watoto wawili waliopata sabuni moja. Wako watu wazima wenye ndevu zao ambao mpaka leo wamehifadhi kipande cha sabuni hiyo sandukuni, kimekauka, na siku wakilemewa na dunia hukitoa wakakinusa.

Basi ikaja homa. Ilikuja kama homa nyingine, ikamlaza, ikamwachia. Siku aliyorudi uani alifungua chupa ya mkaratusi, ambayo kwa kawaida huwezi kuifungua bila macho kukutoka machozi. Hakusikia kitu. Akafungua mdalasini, akafungua waridi, akafungua zote moja baada ya nyingine, na Mwalimu alipotoka shule alimkuta ameketi kwenye kigoda, chupa zote wazi mbele yake, chumba kimejaa harufu kiasi cha kumpa mtu kizunguzungu.

"Nimefungiwa mlango, Mwalimu," alisema.

Daktari aliwaambia kwamba hutokea. Huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Dawa yake ni subira. Bi Pua alimshukuru, na njiani akamwambia mumewe kwamba subira ni nzuri sana kwa mtu ambaye binti yake hana mimba ya miezi minane. Binti yao, sasa mwanamke mzima mwenye mume, alikuwa anangoja mtoto wa kwanza. Angekuja kujifungulia kwao, kama walivyokubaliana, na tangu alipokuwa msichana alikuwa akijua sabuni ya mwanawe itatoka wapi.

"Hatumwambii," alisema Bi Pua. "Si sasa. Tumbo lile halihitaji habari mbaya. Na nikuambie lingine. Wengine nitawaambia nimechoka, napumzika. Lakini huyu mjukuu ni wangu. Nikishindwa kwake, chumba nakifunga, na chupa hizi nazigawa."

Mwalimu alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa kutishia. Akajaribu kumfariji, akasema kwamba hata sabuni tupu ni sabuni, na mtoto hatajua.

"Mtoto hatajua," alikubali. "Mimi je?" Kisha akamtazama usoni kwa muda, hasa katikati ya uso. "Nitaazima pua."

"Ya nani?"

"Yako. Ipo hapo imekaa bure miaka yote, inashikilia miwani."

"Mke wangu, nguo ya kuazima haisitiri maungo."

"Inasitiri kuliko kutembea uchi. Kaa hapo."

Ndivyo masomo yalivyoanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mwalimu alionja kukaa upande wa pili wa darasa, kwenye dawati la mwisho, na wasiojua kitu. Bi Pua alichovya kipande cha karatasi kwenye chupa, akampa. Mwalimu akanusa, akasema, "Inanukia vizuri." Akapewa cha pili. "Hii nayo vizuri." Cha tatu kilinukia vizuri sana.

"Vizuri ni salamu, si harufu," alisema mkewe. "Ukimwuliza mtu njia, akakujibu vizuri, utafika?"

"Sasa nisemeje? Ni tamu."

"Tamu ni ya ulimi. Toa ulimi humo. Inakufika mbele ya pua au nyuma, kooni? Inapanda juu upesi, au inakaa chini ikikungoja? Ina ncha, au ni ya mviringo?"

Mwalimu alidhani anataniwa, mpaka aliponusa tena na kukuta kwamba harufu ya mchaichai kweli ina ncha, na ya waridi kweli ni ya mviringo, tena mviringo usiojaa, kama mpira uliopungua upepo. Alisema hivyo kwa aibu kidogo. Bi Pua akapiga makofi. "Mpira uliopungua upepo! Hiyo chupa ni ya zamani, ndiyo maana. Umeona, mume wangu, ulikuwa na pua, ulikosa wa kuituma tu."

Siku zilivyokwenda, kitu kingine kilianza kumshangaza, na mshangao huo ulimfuata mpaka shuleni, akawa anasimama mbele ya ubao na kusahau alichotaka kuandika. Mkewe alikuwa akichanganya. Hakusikia harufu hata moja, lakini aliketi kimya, mikono mapajani, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayepiga hesabu. Kisha alinyoosha mkono rafuni bila kusita, akatia matone ya hili, tone la lile, akampa karatasi. "Nusa. Kwanza litakuja ganda la chungwa. Ngoja. Likipita, kitakuja kitu kama kuni mbichi. Usitoe pua. Chini kabisa, karibu na mwisho, kuna mkate ulioanza kushika rangi tanurini."

Mwalimu alinusa. Chungwa lilikuja. Kuni mbichi zilikuja. Akangoja, akangoja, akataka kukata tamaa, na mkate ukaja.

"Ulishawahi kuchanganya hivi?"

"Sijawahi. Nimewaza leo asubuhi nikisuka nywele."

"Kwa hiyo harufu hii haijawahi kuingia puani mwako."

"Itaingia wapi na mlango umefungwa?"

Mwalimu aliishika ile karatasi, na akasikia raha ambayo mbishi yeyote mkongwe angeionea aibu: raha ya kushindwa. Ghala lilikuwa limetoa kitu ambacho hakuna aliyekiweka. Alimtazama yule mwanamke mwenye kanga ya kazini iliyopauka, asiye na pua na bado anajua kitakachonukia kabla pua yenye afya haijanusa, akaona kwamba ameishi naye umri wote huo akimdhania fundi wa pua, kumbe pua ilikuwa tarishi tu. Alimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza neno. Bi Pua akamwambia aache maneno matamu, aoshe sufuria.

Mtoto akazaliwa. Wa kiume, mzima, mwenye hasira zake. Siku waliyorudi kutoka hospitali, binti aliketi kitandani kwenye chumba chake cha zamani, akamfunua mtoto kichwa na kumnyooshea mama yake. "Mama, haya. Mnuse mume wako."

Bi Pua alinawa, akampokea, akafumba macho, akaweka pua kwenye utosi, akavuta pumzi ndefu kama alivyofanya kwa mamia ya watoto wa watu. Alipofumbua macho alitabasamu, akamrudisha. Binti hakuona kitu. Mwalimu, aliyesimama mlangoni, alimfuata mkewe akitoka.

Uani, mlango ulipofungwa, Bi Pua alilia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kwa sauti ya chini na kwa muda, na Mwalimu akasimama karibu naye asijue pa kuweka mikono.

"Ni kama kubusu picha," alisema. "Wewe ninaye humu ndani, Mwalimu. Nikitaka nakunusa ulivyokuwa kabla hatujaoana, na sabuni ile mbaya uliyokuwa ukitumia. Mama yangu ninaye. Binti yangu ninaye wa kila umri, wa homa na wa mvua. Huyu sina hata punje yake. Ninajua uzito wake, ninajua sauti yake, na bado ni mgeni. Hapo umenishinda. Kisichopita mlangoni hakimo ghalani."

"Sitaki kushinda," alisema Mwalimu. "Mimi nakwenda kukuletea. Niambie tu nilete nini."

Tangu siku hiyo alikuwa akitoka shuleni moja kwa moja mpaka chumba cha binti yake, na begi bado begani. Alimchukua mjukuu, akamlaza, mkono mmoja chini ya kisogo, akamwinamia na kumnusa kwa makini ya mtu anayesahihisha mtihani wa taifa. Binti aliwaambia majirani kwamba baba amekuwa babu kupita kiasi. Kisha Mwalimu alikwenda uani kutoa ripoti.

"Maziwa," alisema siku ya kwanza. "Lakini si maziwa ya kikombeni. Yamepoa, yana uzito. Halafu unga uliokandwa, haujapikwa. Na chini yake kuna kitu kikavu."

"Kikavu vipi?"

"Kikavu cheupe. Kama ukuta uliopakwa chokaa, ukakauka."

Bi Pua alikunja uso. Alimtuma tena kesho yake, na siku iliyofuata, na kila mara alipotoka shule Mwalimu alirudi na maziwa, unga, na ule ukuta wa chokaa. Hakuyumba. Alijivunia, kusema kweli. Alikuwa ameanza kutembea na pua yake mbele kidogo, kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Basi hicho ndicho chake," alisema Bi Pua mwishoni. "Maziwa na unga kila mtoto anavyo. Hicho kikavu ndicho kinachomtenga na wengine." Akakwaruza sabuni, akayeyusha, akadondoshea matone aliyoyawaza, na kwa ajili ya ule ukavu akatia udongo mweupe laini na mafuta ya mizizi fulani ya nyasi, kidogo sana. Sabuni ilipotoka kwenye kalibu, Mwalimu alinusa na kuruka.

"Ndiyo yenyewe! Mke wangu, umempata! Maziwa, unga, chokaa, vyote vipo!"

Lakini Bi Pua hakufurahi. Aliishika ile sabuni, akaigeuza, akakaa nayo. Ilikuwa imekusudiwa kupelekwa kwa binti siku ileile kabla jua halijazama. Akafumba macho, midomo ikaanza kucheza.

"Haiwezekani," alisema.

"Nini?"

"Nikiiweka akilini, maziwa na unga vinashikana. Hiki cheupe kinasimama peke yake mlangoni, hakijui mtu humu. Mtoto wa siku hizi chache hana kitu kisichohusiana na kingine. Wote niliowanusa, hakuna aliyekuwa hivi."

Mwalimu aliumia. "Pua yangu ndiyo inanusa, yako hainusi. Nimenusa kila siku, na kila siku kipo. Sasa wewe utamnusa mtoto kwa kufikiri?"

"Pua yako haikusema uongo," alijibu mkewe taratibu. "Ninachouliza ni kwamba imeleta habari za nani. Jumapili ulinusa nini?"

"Jumapili?" Mwalimu alifikiri. "Maziwa. Unga."

"Na chokaa?"

"Jumapili hapana. Labda alikuwa ametoka kuoga."

"Anaoga kila siku. Jumamosi je?"

Mwalimu akahesabu siku kurudi nyuma. Jumamosi pia chokaa haikuwepo.

"Nipe mkono," alisema Bi Pua. Aliukamata mkono wa kulia wa mumewe, akapitisha kidole gumba juu ya vidole vyake, juu ya zile nyufa ndogo za ngozi ambazo maji hayafiki. Akasugua. Akaangalia kidole chake mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mwalimu akadhani analia tena.

"Chaki!" alisema, na kicheko kikamshinda. "Chaki, mume wangu! Unamshika kisogo kwa mkono wa chaki, halafu unaunusa mkono! Siku zote hizi umejinusa mwenyewe!"

Mwalimu alipeleka vidole puani. Ukuta wa chokaa ulikuwa pale, umetulia, kama ulivyokuwa kwa miaka yote aliyosimama mbele ya ubao, na hakuwahi kuusikia kwa sababu hakuwahi kuondoka karibu nao. Alijaribu kubaki na heshima yake, ikamponyoka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bi Pua alisema mtoto wa watu nusura aogeshwe sekondari kabla hata hajaota meno, na Mwalimu akasema angalau angefaulu sayansi. Kicheko kilipoisha, alimtazama tena mkewe. Pua nzima yenye afya ilikuwa imekaa juu ya chaki wiki nzima bila kuijua. Aliyeinusa chaki ni yule asiyeweza kunusa kitu.

"Tunaanza upya," alisema. "Niambie cha kufanya."

Jumamosi alioga kwa sabuni tupu, akasugua vidole kwa brashi mpaka vikauma, akavaa shati lililokaa juani. Alimlaza mtoto juu ya mapaja yake bila kumgusa kichwa. Alikaa naye muda mrefu. Aliporudi uani hakuwa na haraka tena ya kutoa jibu. Alisema polepole, akirudi nyuma kujisahihisha, na mkewe alimuuliza maswali akiwa amefumba macho. Maziwa yale yanaishia wapi? Unga huo una chumvi? Akilia, harufu inapanda au inakaa? Mwalimu alijibu alichokijua, na asichokijua alisema hakijui. Mwisho Bi Pua akainua mkono.

"Inatosha. Nenda nje."

"Hutaki ninuse ukichanganya?"

"Nenda nje, Mwalimu."

Alikaa kibarazani akisikiliza sauti ya kikwaruzo, kisha maji yakichemka, kisha kimya kirefu ambacho alijua ndicho kazi yenyewe. Alijua pia kinachopimwa mle ndani. Ikiwa sabuni hii ingekosea, zile chupa zingegawanywa na mlango ule ungefungwa, na mkewe asingelalamika, na hilo ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi.

Jumapili alasiri Bi Pua aliingia chumbani kwa binti na sabuni mkononi, bado ina kingo kali za kalibu. Mwalimu alimfuata. Hakuwa ameinusa, alikuwa amekatazwa.

Binti aliipokea, akainusa. Akamwinamia mwanawe, akamnusa. Akarudi kwenye sabuni. Macho yake yakajaa.

"Mama," alisema. "Ni yeye. Ni yeye kabisa."

Bi Pua aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mwanangu, sasa nikuambie. Mimi simnusi. Pua yangu iliondoka na homa ile, haijarudi."

Binti alimtazama, akamtazama baba yake, akaona si mzaha. "Sasa hii umeifanyaje?"

"Baba yako alinusa. Mimi nikafikiri."

Binti alimkumbatia mama yake, akamgombeza kwa kumficha, akamkumbatia tena. Kisha akainua sabuni puani mara nyingine, akasita. "Lakini kuna kitu kingine humu. Kwa nyuma sana. Kitu kama..." Alitafuta neno. "Kama shuka za bibi. Nilipokuwa nalala naye nikiwa mdogo."

"Hicho sikukisema mimi," alisema Mwalimu upesi. Alihofu kwamba ni kosa jingine, na kwamba safari hii si lake. "Mke wangu, mimi nilisema maziwa na unga, na ile chumvi kidogo. Shuka za mama mkwe sikuzitaja."

"Hukuzitaja," alisema Bi Pua. "Nilifikiri tu. Mama alikuwa nacho. Nilikuwa nacho mimi, aliniambia mwenyewe. Binti huyu alizaliwa nacho. Hakikai utosini, ndiyo maana hukukikuta." Alikuwa akizungumza kwa utulivu, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana kwa nguvu. "Mnuse nyuma ya sikio."

Mwalimu alimwinua mjukuu wake kwa mikono aliyoisugua asubuhi, akamgeuza kichwa taratibu, akaweka pua nyuma ya sikio lile dogo laini. Akavuta pumzi. Maziwa. Unga. Akangoja, kama alivyofundishwa, asitoe pua. Na chini kabisa, karibu na mwisho, akamkuta mama mkwe wake aliyekwisha zikwa miaka mingi, yule mwanamke mpole aliyeishi nao na kumwita baba, ambaye Mwalimu hakuwahi kudhani anamkumbuka kwa harufu.

"Kipo?" aliuliza Bi Pua.

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema pia, maana mkewe alistahili kulisikia neno lenyewe. "Kipo."

Bi Pua alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akamlaza kifuani, na shavu lake likatua kwenye kichwa kile kama shavu linavyotua kwa mtu wa nyumbani.

"Kumbe nakujua," alimwambia mtoto. "Kumbe nilikuwa nakujua siku zote, mume wangu."